Kitambaa Kwenye Kikombe cha Tela

Nyumbani kwa Aneth, fundi cherehani wa mtaa wa Picha ya Ndege pale Kibaha, hakuna kitu kilichokaa uchi. Redio ina kitambaa, jagi la maji lina kitambaa, hata rimoti aliishonea mfuko. Ukiingia kwake na viatu vya tope, kwa maneno utakayokutana nayo mlangoni, bora ungepigwa.

Asubuhi ile alifika kwenye gereji ya Mbaraka, mchomeleaji, akiwa amevaa sare mpya: kitenge cha rangi ya maziwa chenye maua ya zambarau. Sare zote za wanawake wa usharika wa Maneromango, kwao alikozaliwa, alizishona yeye. Wanawake hao walikuwa wamechangishana mpaka wakapata boti ya faiba ya kuvukia mto wakati wa masika, maana mtumbwi wa zamani ulishaoza. Siku hiyo boti ilikuwa inakwenda kubarikiwa. Ilikaa juu ya tela alilolitengeneza Mbaraka, na gari la kulivuta lilikuwa pikapu ya Hashiru, jirani yake Aneth. Hashiru si mtu wa kanisani wala si mtu wa Maneromango. Alijitolea tu, kwa ujirani.

"Shikamoo, Baba Siwema," alimwamkia Hashiru.

"Marahaba, Mama Elinipa. Umependeza, utadhani wewe ndiye unayekwenda kubarikiwa."

"Mimi nilishabarikiwa zamani, ndiyo maana nakuvumilia."

Hashiru alicheka huku ameinama nyuma ya pikapu, kidole kimejaa grisi. Alikuwa anapaka lile tufe la chuma la kuvutia tela, ambalo mafundi huliita gololi. Kikombe cha tela hukaa juu yake kama kofia, komeo likafungwa, safari ikaanza.

"Mzee, nani kakwambia gololi inapakwa grisi?" Mbaraka alimdaka. "Unakwenda kwenye vumbi. Grisi ikishika mchanga ni msasa huo, utakula chuma mpaka kiishe."

"Na chuma kikavu kwa chuma kikavu? Kitalia kama mbuzi wa Idi mpaka Maneromango. Mimi nimeanza kuvuta tela wewe bado unavutwa kamasi."

Akapaka na ndani ya kikombe, kumkomoa.

Aneth hakuwa na habari na msasa wala mbuzi. Yeye aliona jambo moja tu: wakifika Kisarawe wenzake watapanda nyuma ya pikapu kwa kukanyaga bampa, hapo hapo penye grisi, na sare zile za rangi ya maziwa.

"Bishaneni," alisema. "Lakini sare ikipata hata tone, mtanitambua."

"Grisi haimfuati mtu, Mama Elinipa," Hashiru alijibu. "Mtu ndiye anayeifuata grisi."

Wanaume wakaenda kibandani kunywa chai, na ubishi wao wakaubeba. Aneth akabaki na mfuko wa mabaki ya kitenge, vipande alivyokuwa amekuja navyo kupambia boti. Akachukua kimoja, akaifuta gololi mpaka ikang'aa kama kijiko cha harusini. Ndani ya kikombe mkono haukuingia vizuri. Akakunja kipande kingine, akakishindilia humo kinyonye grisi. Atakitoa sasa hivi, kabla hawajarudi.

Ndipo simu ikaita. Alikuwa Laurentia, katibu wa umoja wa wanawake, anawasubiri Kisarawe. Sare yake inambana. Aneth akaanza kumweleza kwamba sare haijabana, mwili ndio umezidi, na mazungumzo ya namna hiyo hayaishi upesi. Alipokata simu, pikapu ilikuwa imesharudishwa nyuma. Mbaraka aliiona gololi kavu, akadhani mzee amekubali yaishe, akatabasamu bila kusema neno. Akashusha kikombe. Hashiru akashuka, akafunga komeo, akalitikisa, akafunga na mnyororo wa tahadhari.

Aneth akakumbuka kile kitambaa. Akafungua mdomo, halafu akaufunga. Akisema, itabidi aseme pia nani aliyefuta grisi. Mbaraka atacheka, Hashiru atapaka upya.

"Kitambaa tu," alijisemea. "Kitambaa kitakifanya nini chuma?"

Kisarawe wakapanda akina Laurentia, na Calist mwinjilisti akakaa mbele na dereva. Sare hazikupata doa. Aneth alijipongeza kimoyomoyo, wakaimba mpaka lami ikakatika. Kwenye shimo la kwanza tela liligonga. Kwenye la pili, kubwa kama kaburi la mtoto, likachomoka. Mnyororo ulilishika lisiwaparamie, lakini likayumba, boti ikateleza, ubavu wake ukajipigiza kwenye ukingo wa barabara. Hakuna aliyeumia. Boti ikapata ufa wa urefu wa mkono.

Aneth alikuwa wa kwanza kuruka chini. Wengine walikimbilia boti. Yeye alikimbilia kikombe. Kitambaa kilikuwa humo, kimebonyea kama chapati, cheusi tii. Akakichomoa, akakisokomeza kifuani.

Hashiru alifika mbio. "Nilifunga komeo. Nililitikisa kwa mkono huu." Akaligusa komeo. "Au sikulitikisa?"

"Sisi ndio tukuulize wewe, au wewe ndiye utuulize sisi?" Laurentia alimvaa. "Nilisema tutafute dereva wa usharika. Kikulacho ki nguoni mwako!"

Pale kifuani Aneth alihisi grisi inapenya polepole, ya uvuguvugu. Akaubana mkoba wake juu yake.

Calist alimpigia Mbaraka simu, akaweka sauti ya juu wote wasikie.

"Grisi haihusiki," Mbaraka alisema. "Gololi ilikuwa kavu. Mzee mwenyewe aliifuta."

"Niliifuta?" Hashiru aliuliza.

"Mimi nimeikuta inang'aa, mzee wangu. Labda umesahau."

Hashiru akakaa kwenye jiwe kando ya barabara. "Siwema ameniambia mara mbili mwezi huu. Baba, unasahau vitu, acha kuendesha. Nikamfokea mbele ya mume wake." Akatoa funguo mfukoni, akampa Calist. "Endesha wewe, mwinjilisti. Mimi leo nimeamini."

Laurentia akamshika Aneth bega. "Usilie, mwenzangu. Wewe kazi yako umeifanya vizuri."

Afadhali angemzaba kofi. Aneth akapanga: atasema Maneromango, baada ya baraka. Hapana, atasema wakirudi Kibaha, wawili tu, pasipo Laurentia. Kwani lazima ajue leo? Lakini Hashiru alikuwa ameinuka, amekwenda kwenye tela, anafungua komeo na kulifunga, anafungua na kulifunga, huku anautazama mkono wake kama wa mtu mwingine.

"Baba Siwema."

Akaushusha mkoba. Kwenye maua ya zambarau palikuwa na doa jeusi kubwa kama kisahani. Akaingiza mkono, akakitoa kitambaa. Wanawake walikitazama, kila mmoja akatazama sare yake. Maua yale yale.

"Grisi nilifuta mimi," alisema. "Na hiki nilikisahau kwenye kikombe." Akakikunjua mbele yao. "Hapana, sikukisahau. Nilikumbuka kabla hatujaondoka, nikanyamaza."

"Haya!" Laurentia alisema. "Na mdomo wote ule!"

Aneth akamnyooshea Hashiru kitambaa.

Hashiru alikichukua kitambaa, akakigeuza upande huu na upande huu. "Kwa hiyo nilipaka?"

"Ulipaka."

"Na komeo nilifunga?"

"Ulifunga, ukalitikisa. Lingeshikaje, na hiki kimo ndani?"

Hashiru akamnyooshea Calist mkono. "Lete funguo zangu."

Waliibeba boti wote, wakairudisha juu ya tela na kuifunga upya kwa kamba. Itakwenda hivyo hivyo na ufa wake, mchungaji ataiona, halafu Mbaraka ataiziba. Hashiru alitoa kopo la grisi chini ya kiti.

"Na hili vumbi?" Calist aliuliza.

"Nitabishana na Mbaraka nikirudi." Akachota, akapaka taratibu, akageuka. "Nimepaka. Mmeniona?"

"Tumekuona," wanawake waliitikia.

Kikombe kikashuka. "Nafunga komeo. Mmeniona?"

"Tumekuona."

"Natikisa. Mmeniona?"

Asubuhi ile, kule Kibaha, Hashiru hakuhitaji shahidi. Aneth aliitikia pamoja na wenzake.

Hashiru akaangaza huku na huku, anatafuta pa kufutia kidole. Aneth akainua pindo la sare yake.

"Futia hapa, Baba Siwema. Imeshaharibika."

Hashiru akalitazama lile pindo. Kisha akajifutia kwenye suruali yake mwenyewe, akaingia kwenye gari.