Mama Alisema Kesho

Mama yangu alikuwa mbishi tangu hajanizaa. Nalitanguliza hilo kwa sababu sitaki mtu aje aniambie kwamba ningemlazimisha. Mama halazimishwi. Alimshinda baba enzi za uhai wake, akawashinda mashemeji waliotaka auze nyumba ya Mtoni hata eda haijaisha, na siku moja alimshinda dereva wa lori la mchanga aliyetaka kugeuzia mbele ya duka letu. Lori lilirudi kinyumenyume mpaka barabara ya Kilwa.

Duka lenyewe ni la tangu babu alipokuja kutoka Yemen. Tunauza mchele, unga, sukari, mafuta ya kupima, na Ramadhani tunaongeza tende na halua. Mama alikaa nyuma ya wavu, mie nilipanga mizigo na kuhangaika na wateja wakorofi. Nilikuwa nimeachika, nimerudi nyumbani, tunaishi wawili. Kaka yangu yuko Tabata na mkewe.

Lakini kazi iliyompa mama heshima mtaani haikuwa duka. Mama alikuwaga mwosha maiti. Miaka thelathini, mwanamke wa Kiislamu akifa mitaa ile, anaitwa yeye. Anafunga duka, anachukua beseni lake, udi na karafuu maiti, anakwenda. Akirudi hasemi alichokiona. Mie nilimsaidia mara nyingi kushika shuka na kumwaga maji, na namna anavyozungumza na marehemu ilikuwa ya upole kuliko alivyozungumza na sie tulio hai. "Geuka kidogo, mwenzangu," anamwambia. "Tumalize."

Mwaka ule wa ugonjwa, watu wa mtaani kwetu hawakuutaja jina. Ilisemwa changamoto ya kupumua, au nimonia, au mtu anakutazama tu, na wewe unaelewa. Kilichotaja mambo wazi kilikuwa kipaza sauti cha msikiti. Zamani tangazo la msiba lilipita mara moja kwa wiki, hata mara mbili. Miezi ile likawa linakuja baada ya adhuhuri, kisha tena baada ya alasiri. Kwanza unasikia kile kikwaruzo, mtu anakohoa mbali na maiki, na hapo mtaa mzima unanyamaza. Mama lishe anashikilia mwiko hewani. Fundi pikipiki anazima injini. Jua kali la saa nane, watu wamejaa barabarani, na hakuna anayetikisika mpaka jina lisomwe na lisiwe la mtu wao.

Mama alikuwa anasikiliza mpaka mwisho, halafu anauliza swali lile lile: alilazwa? Nikijibu ndiyo, anatikisa kichwa, ameridhika kabisa, utafikiri mwanafunzi wake kapata jibu.

"Wanaenda na miguu yao," aliniambia, "wanarudi kwenye kipaza sauti."

Nilimwambia watu hufa hata majumbani. Lakini hofu yake haikuwa kufa. Shoga yake wa Mbagala, waliolelewa pamoja, alipelekwa hospitali anahema kwa shida, akafa siku ya tatu. Mama alikwenda na beseni lake, akakuta mazishi yanafanywa na watu waliovaa nguo nyeupe mpaka machoni, maiti imefungwa nailoni. Wanawe wa kike wamesimama nje ya geti la makaburi, kama wapita njia. Hakuna aliyemwosha marehemu. Mama alirudi na beseni limekauka, akaliweka chini, akalitazama muda mrefu. Kisha akaniita nikae mbele yake.

"Mie nimewaosha wenzangu wote," akasema. "Usinipeleke kule nikafungwa nailoni. Niapie."

Nikaapa. Wallahi, niliapa huku nikifikiria mchele uliokuwa bado haujashushwa.

Yeye mwenyewe hakuuchezea ugonjwa. Alishona barakoa kwa masalio ya baibui, nyeusi, tabaka tatu, akagawa mtaa mzima na ole wako uje dukani hujaivaa. Yake aliivua wakati wa kula na kutawadha tu. Alikula chumbani peke yake, eti asije akaniambukiza, au mie nisimwambukize. Basi mwishowe nikawa naishi na macho ya mama tu. Kuna siku nilijaribu kukumbuka mdomo wake ukoje, nikashindwa, na ilinitisha kiasi kwamba niliinuka kwenda kutazama picha ya ukutani.

Alhamisi moja, baada ya adhuhuri, alikuwa anampimia mteja sukari. Nikasikia sukari inamwagika sakafuni, haikatiki. Nilipogeuka nikamwona amesimama wima, kibeleshi kimelala mkononi, sukari inateremka kwenye miguu yake, naye anaitazama kama kitu kinachotokea kwa jirani. Nikamwita. Alinijibu, lakini haikuwa Kiswahili wala Kiarabu wala lugha ya mtu yeyote. Ilikuwa sauti ya mama inayosema maneno ambayo hayapo. Mteja alirudi nyuma hatua mbili, kisha akaondoka bila sukari yake.

Ilidumu muda wa birika kuchemka. Halafu akarudi. Akaomba ufagio, akalalamika sukari imepotea bure, akasema kichwa kilimzunguka kwa joto. Nikamwambia Mama, vaa baibui twende hospitali.

"Kesho," akasema.

Sasa niseme ukweli wangu, maana nimeuficha vya kutosha. Nilifurahi. Aliposema kesho, kifua changu kilishuka. Mie pia nilikuwa nakiogopa kile kipaza sauti. Nilimpigia kaka, naye akanipa sababu nilizozitaka: huo ni upepo mbaya umempitia, akipumzika utaondoka, na ukimfikisha kule watamlaza na wale wagonjwa wa kupumua hata kama ana jino tu. Nikamjibu, sawa, kesho tutaona. Nikampikia mama uji. Akala chumbani kwake, mlango umefungwa.

Ijumaa niliamshwa na cherehani. Kumeshapambazuka, yeye amekaa sebuleni na barakoa yake, anashona. Nikampa shikamoo, hakuitikia. Nikamuuliza chai nilete sasa?

"Kesho."

Nikacheka. Nikamuuliza kama amelala vizuri. Kesho. Nikamwambia basi ndiyo leo hiyo, Mama, jana ulisema kesho, na kesho imefika, kavae tuondoke. Akanitazama. Jicho moja lilinitazama, la pili lilikuwa limechelewa kidogo. Akasema tena, polepole, kila silabi mahali pake: "Kesho."

Mie nina hasira za karibu, nimezirithi kwake. Nilidhani ananichezea. Nilidhani ni ule ubishi wake, amepata neno la kunikomoa nalo. Nikamwambia haya, iwe kesho, na kesho kutwa, na mwaka kesho, si umeamua kunitesa. Nikatoka nikafungua duka kwa kishindo. Kwa saa nzima na zaidi nilihudumia wateja nimenuna, na huko ndani cherehani inakwenda. Haibadilishi mwendo wala haisimami, kama mtu anavyosimama akifika mwisho wa mshono ageuze kitambaa. Nilisikia hivyo kwa masikio yangu na sikujiuliza kitu.

Niliporudi ndani nikaona. Anapiga pedali kwa mguu wa kushoto. Uzi ulikwisha zamani. Sindano inapanda na kushuka mahali pamoja, kitambaa kimetoboka tundu la ukubwa wa shilingi. Mkono wa kulia umelala mapajani, kiganja juu. Nikamgusa bega, akasimamisha mguu. "Kesho," akaniambia, na safari hii macho yake yalikuwa yanasihi.

Hapo nikaogopa. Na nilipoogopa nilifanya nini? Nilichemsha nyungu. Mtaa wetu wote mwaka ule ulikuwa unanuka mchaichai na majani ya mwarobaini. Kila ugonjwa tuliufukiza. Nikamkalisha kwenye kigoda, nikaweka sufuria miguuni pake, nikamfunika blanketi mpaka chini, nikamwambia vua barakoa humo ndani uvute mvuke. Nikashikilia pembe za blanketi mvuke usitoke. Saa nne asubuhi, mlango wazi, jua limefika mpaka kizingitini, na kile kilima cha blanketi kikawa kinasema kesho. Kinanyamaza, kinasema tena. Ikafika wakati nikahisi aliyemo mle si mama. Astaghfirullah, nililiachia blanketi nikasogea ukutani.

Ndivyo alivyonikuta Mwalimu. Ni jirani yetu, mwalimu mstaafu, mtu wa Bukoba, mama wa kanisani asiyependa mzaha. Amekuja kufuata majani ya chai kama kila Ijumaa, akakuta dukani hakuna mtu, akaingia ndani. Nikamwamkia. Alikuwa anasikiliza blanketi. Kisha akalivuta.

Mama hakuwa amevua barakoa. Ilikuwa imelowa, imegandamana na uso, na umbo la mdomo lilionekana chini ya kitambaa cheusi, limeporomoka upande mmoja. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimeegemea sufuria ya moto. Vimebabuka, na hakulia.

Mwalimu alimfungua barakoa mwenyewe. Ulikuwa uso wa watu wawili. Akamwambia mama nyanyua mikono yote miwili, na mkono mmoja tu ukapanda. Mwalimu akanigeukia, na sauti yake ilikuwa ile ya darasani.

"Hiki ni kiharusi. Mume wangu kilimuua kwa staili hii hii, tukimwombea. Tafuta bajaji."

Nikamwambia niliapa. Nikamweleza habari ya nailoni, ya shoga wa Mbagala, ya kiapo, najieleza kama mtoto aliyekutwa na kosa. Akanisikiliza kidogo tu. Akasema uliapa kuhusu maiti, na huyu ni mzima.

Tulimbeba pamoja. Ndani ya bajaji mama alilala mapajani kwangu, uso wazi, kila mtu anauona, na kila tulipopunguza mwendo aliniambia kesho. Nilitarajia kukuta hospitali imefurika. Nilitarajia watu chini sakafuni, na wale wenye nguo nyeupe. Tulikuta mapokezi ya dharura kimya. Vitanda vimetandikwa mashuka yamevutwa vizuri, saa ya ukutani inasikika, na muuguzi mmoja amekaa na mikono mapajani. Alipotuona alisimama haraka mno. Nikamuuliza watu wako wapi.

"Hawaji," akasema. "Siku hizi wanaletwa tu."

Daktari alikuwa kijana, amechoka, mpole. Aliuliza imeanza saa ngapi. Swali hilo aliniuliza mara tatu, na mara zote niliijua thamani ya jibu langu kwa jinsi kalamu yake ilivyosubiri. Nikamwambia yote: sukari ya jana, cherehani, nyungu. Hakunigombeza. Alisema ile ya jana ilikuwa onyo, na mngekuja jana, au leo kulipokucha, kuna mengi yangejaribiwa. Akaandika kitu. Mama akamtazama akasema neno lake, na daktari akanieleza kwamba wengine hubakiwa na neno moja tu, mara nyingi lile walilokuwa nalo karibu. Mengine yote yameungua, hilo linabaki. Anaelewa anachoambiwa, akasema, si kila kitu, lakini mengi. Msimfanye mjinga.

Hakufa. Alilazwa siku kumi na mbili, katika wodi ya akina mama wenye magonjwa yao ya kawaida, hakuna aliyefungwa nailoni. Muuguzi alimwogesha kila asubuhi, na nilisikia akimwambia geuka kidogo, bibi, tumalize. Nilitoka nje nikalia mpaka mlinzi akaniletea kiti.

Sasa yuko nyumbani. Asubuhi namkalisha nyuma ya wavu, mahali pake, na wateja wamezoea. Bibi, mchele upo? Kesho. Wengine wanacheka, naye anacheka kwa upande mmoja, na mie siwagombezi tena. Mitaa ile sasa naosha mie. Nikirudi na beseni, anausogeza mkono wa kushoto juu yake, kuhakikisha limelowa.

Kipaza sauti kimerudia mwendo wake wa zamani, lakini kikikwaruza mama bado anasikiliza mpaka mwisho. Kisha ananigeukia, na najua angeuliza nini.

Kuna jambo moja nahitaji kwake kabla hajafa. Nataka anipe radhi. Kila Alhamisi baada ya alasiri nafunga duka, nakaa chini miguuni pake, nashika ule mkono wenye makovu ya sufuria. Namwambia Mama, siku ile nilikusikia, nikakununia. Namwambia nilifurahi uliposema hutaki kwenda. Namwambia niwie radhi, Mama. Anauweka mkono mzima kichwani kwangu, ananitazama kwa macho yote mawili, na midomo yake inahangaika muda mrefu kutafuta.

"Kesho," ananiambia.