Majaribio Kumi na Moja Yasiyofanyika

Kijijini kwetu sisi Wakongo, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mwenyekiti akisoma majina ya watu wa kugawiwa mbegu, asiyekuwepo huitikiwa na mwenzake. "Niko," mtu husema badala ya jirani aliye shambani, wala hajioni mwongo, maana jirani yupo, ila hayupo hapo. Tangu wazazi wetu wafariki, wadogo zangu wanne nimewaitikia mimi. Niliacha shule mwaka wa pili wa sekondari ili wao waendelee.

Kompyuta nilijifunza katika darasa la vijana hukohuko kambini, nikapata kazi mjini Mbarara, kwenye ofisi ndogo mtaani Kakoba. Tulikuwa tunatengeneza programu ya kliniki: muuguzi anaingiza siku aliyopimwa mtoto, nayo inaonyesha arudishwe lini. Mimi niliandika majaribio, yaani programu fupi za kukagua kama ile kubwa inahesabu sawasawa. Kila asubuhi kompyuta moja iliyaendesha yenyewe. Lililofaulu lilitoka kijani, lililoshindwa jekundu.

Wiki ile kompyuta hiyo ilibadilishwa. Mpya haikuwa na maktaba ya tarehe, yaani kipande cha programu kilichoandikwa na watu wengine, ambacho programu yetu ilikitegemea kuhesabu siku. Mtandao ulikatikakatika, maktaba haikushuka. Majaribio kumi na moja yakawa mekundu. Mkubwa wangu, Mnyankore wa maneno machache na Kiswahili cha kuokoteza, akasimama nyuma yangu, akaniita bibi kwa lugha ya kwao.

"Nyabo, Alhamisi kliniki nangoja. Hii nyekundu naisha lini?"

"Leo, sebo," nikamjibu, yaani bwana.

Nikaandika faili fupi lenye jina la maktaba ile, ambalo likiulizwa lolote linarudisha jibu linalotakiwa na jaribio, bila kuhesabu chochote. Sikuona kosa. Maktaba ipo, nilijiambia, ila haipo hapa, nami nimeiitikia. Yote yakawa kijani.

Jumatano sikutulia. Nikaiharibu programu makusudi: mtoto wa kurudi baada ya mwezi mmoja, nikaandika arudi baada ya miaka kumi. Nikaendesha majaribio. Kijani, yote kumi na moja.

Nikisema, huenda nikapoteza kazi iliyowaweka wadogo zangu shuleni. Nikinyamaza, kesho yake mama mmoja angeambiwa tarehe ambayo hakuna aliyeijaribu. Nikaenda kwenye meza ya mkubwa.

"Sebo, ile kijani niliiandika mimi."

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hakuna kitu tulijaribu."

"Hakuna."

"Na mimi nasifu wewe mbele ya watu. Nasema huyu Mkongo nafanya kazi kama siafu." Hakucheka. Alipiga simu kliniki, akawaambia wasitungoje Alhamisi. Kisha akaniambia, "Tengeneza. Ya kazi yako tutaongea."

Nikalifuta faili langu. Nikaandika kwamba maktaba ikikosekana, jaribio lisiendeshwe, lisiitwe limefaulu wala limeshindwa. Liandikwe halikufanyika, na sababu yake. Na likiwepo hata moja la namna hiyo, programu isitoke ofisini. Skrini ikaonyesha mistari kumi na mmoja ya njano.

Mkubwa akaitoa maktaba kwenye kompyuta yake kwa flashi, akaniwekea mezani. Tukaendesha tena. Tisa yakafaulu. Mawili yakawa mekundu, mekundu ya kweli: mtoto aliyepimwa siku ya mwisho ya Januari alikuwa anaitwa tarehe thelathini na moja Februari.

Mkubwa alivuta kiti, akakaa kando yangu. Nikaanza na jekundu la kwanza.