Utani wa Kwenye Simu

Mlima ulipoporomoka ulitufunika wote wawili, mimi na mume wangu, tukishuka na ndizi kwenda Bigwa. Mimi nilitolewa mzima. Yeye alitolewa maiti. Hilo ni la Mungu, sina wa kumlaumu. Lakini ya kwenye grupu yana wenyewe, na wenyewe nawajua.

Grupu lilikuwa letu sisi wauza mboga na ndizi. Humo tulijua gari limefika wapi, njegere zimepanda au zimeshuka, nani kafiwa. Mume wangu hajamaliza wiki kaburini, muuza vitunguu mmoja akatuma sauti: "Mwenzetu udongo umemtema, mumewe umemmeza. Jamani, mganga wake anapatikana wapi?"

Huyo ndiye wa kwanza. Wa pili ni admini, maana aliisikia akanyamaza. Wa tatu ndiye anayeniuma zaidi: mzee mstaafu, mtu wa swala tano, tuliyekuwa tunamwamkia wote humo kila asubuhi. Mzee akatuma kijuso cha kucheka. Basi, aliyekuwa anaogopa kucheka akapata ruhusa. Vijuso vikamiminika.

Niliandika, "Jamani, nina msiba."

Muuza vitunguu akajibu, "Utani tu, shangazi. Waluguru bila utani tutaishije?"

Niliporudi gengeni nikakuta maneno yamenitangulia. Bodaboda waliokuwa wananishushia mzigo kila mmoja ana udhuru. Mteja wangu wa siku zote alishika nyanya zangu, akazirudisha, akaenda kwa jirani. Nina watoto, na ile meza ndiyo baba yao sasa. Nikaona nikikaa kimya genge litakufa, na watoto wataitwa wa mchawi.

Ukoo wetu una mtani wake, mama mtu mzima anayeuza magimbi. Siku ya maziko alijilaza mlangoni jeneza lisitoke. "Huyu hajafa, anakwepa kubeba ndizi. Mwamsheni." Watu walicheka huku wanalia, na mimi nilicheka. Akapewa chochote, akapisha, kisha akainama kuosha masufuria ya msiba mpaka jioni. Grupuni alikuwa haingii sana, kwa hiyo nilimfuata na simu yangu nikamwekea ile sauti. Akaisikiliza, akasonya, akachukua simu yake akatuma sauti grupuni: "Mtani wa huyu ni mimi. Marehemu nimemtukana mbele ya jeneza, na masufuria nimeosha. Wewe wa vitunguu, ukoo gani? Uliosha nini?"

Baadaye mtu akafuta kijuso chake, mwingine naye akafuta. Bodaboda mmoja akaandika, "Mama, kesho mzigo wako nauchukulia wapi?"

Hapo nikamwambia admini anipe mimi hiyo kazi.

"Utaweza, shangazi? Wewe shule uliishia la nne."

"Kuyajua matusi hakuhitaji shahada. Nipe."

Akanipa, nadhani kwa aibu. Sheria yangu ni hii: mwenye utani aende mlangoni kwa mtu, autoe huku sura yake inaonekana. Ukiuleta humu nafuta, ukirudia unatoka. Muuza vitunguu alirudia, akatoka. Wakasema nina roho mbaya. Ninayo, na inafanya kazi.

Ila kufuta peke yake hakutoshi, hilo nimeliona. Watu hawasomi sheria, wanamtazama mkubwa. Juzi binti anayeleta mchele kutoka Dakawa aliandika kwamba mumewe amefariki kwa ajali ya pikipiki. Nilikuwa nimeweka kidole tayari kufuta. Yule mstaafu akawahi kuandika: "Pole mwanangu. Mchele wako nitauuza mimi mpaka urudi." Zikafuata pole mtu nyuma ya mtu, kama vilivyofuata vile vijuso vya kunicheka. Huyu atatoa turubai, yule atachota maji.

Kesho yake asubuhi mzee akapita gengeni.

"Shikamoo," nikamwamkia. Umri ni umri.

"Marahaba, mwanangu. Uliona nilivyoandika?"

"Niliona."

Mimi nikaendelea kupanga nyanya mafungu.

"Na lile la kwako..."

"Lile la kwangu uliliona pia, mzee, ukacheka. Binti anazika leo. Wahi mchele."

Akaenda. Nilimfuata kwa macho mpaka alipoketi kwenye kigoda cha yule binti, akafungua gunia, akaanza kuita wateja.