Ukuta wa Kushoto

Fabiano wa Gashoho alikuwa mkulima wa kahawa, lakini ukimuuliza kazi yake angekujibu kwamba ni fundi mwashi. Uashi alijifunza katika kambi ya wakimbizi Tanzania, alikokulia, pamoja na rafiki yake Elikana. Waliporudi Burundi, kazi yao kubwa ya kwanza ilikuwa kujenga hospitali moja mjini Gitega. Katika ujia wa kwenda wodi ya wazazi, Fabiano alijenga ukuta wa kushoto, Elikana wa kulia. Walipomaliza ikaonekana ujia unabana kuelekea mwisho. Msimamizi akafoka, lipu ikapigwa, mambo yakaisha.

Kwao hayakuisha. Kwa miaka kumi na minne kila mmoja alishikilia kwamba uliopinda ni ukuta wa mwenzake. Walibishana shambani, njiani wakitoka kanisani, hata kwenye harusi ya Jovina, binti yake Fabiano. Kugombana hawakugombana hata siku moja.

Mwaka huu Jovina alijifungua katika hospitali hiyohiyo, na Fabiano akafunga safari. Mlangoni alipokelewa na roboti, mashine ya magurudumu iliyomfika kifuani. Ikamuuliza kwa Kiswahili anakwenda wapi.

"Kwa mwanangu, wodi ya wazazi," akajibu, akavua kofia.

"Karibu. Nifuate."

Nyuma yao alitembea Dorcas, fundi wa kompyuta kutoka Bukavu, aliyekuwa akiiangalia roboti hiyo, ambayo ilikuwa katika wiki zake za kwanza kazini. Walipoingia ule ujia, roboti ilikwenda katikati, kisha ikaanza kusogea kulia, taratibu.

"Inakwepa nini?" Fabiano akauliza.

"Ilishapima nyumba yote, Papa, chumba kwa chumba, ikachora ramani. Inajua kule mbele njia iko inakuwa mudogo."

Fabiano akasimama. "Binti, ramani hiyo inaweza kuonyesha ukuta uliopinda ni upi?"

Dorcas akafungua tableti. "Ule wa kulia iko droit, imenyooka kabisa. Huu wa kushoto ndio iko inaingia ndani, sentimita kumi na moja."

Fabiano akaufuata kwa kidole mstari wa ukuta wake kwenye tableti. Kisha akacheka. Alicheka hadi akauegemea ukuta wake mwenyewe, Dorcas naye akaanza kucheka bila kujua sababu, na kule wodini Jovina akamwambia muuguzi, "Huyo ni baba."

Alimpakata mjukuu wake asubuhi nzima. Alipokuwa akiondoka, Dorcas alimchapishia ramani.

Aliporudi Gashoho alimkuta Elikana akipogoa kahawa kando ya nyumba yake. Elikana aliitazama karatasi, akaigeuza, akaitazama tena.

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi. Nisamehe."

Elikana hakushangilia. Alionekana kama mtu aliyepotewa na kitu. "Sasa tutabishana nini, Fabiano?"

Wakatazamana, wakaangua kicheko mpaka Anisia, mke wa Elikana, akatoka ndani.

"Na Jovina je?" akauliza. "Amepata mtoto gani?"

Fabiano akashika kichwa. Tangu ashuke kwenye gari alikuwa hajamwambia mtu yeyote. "Wa kiume. Kilo tatu na nusu, na pua ni yangu."

"Pua itakuwa ya mama yake," akasema Elikana, ambaye hakuwa amemwona mtoto, na Jumamosi iliyofuata wote watatu wakapanda gari kwenda Gitega, nyumbani kwa Jovina, kuhakikisha.