Kuku wa Bi Somoe

Mbele ya wenzangu wote wa kituo cha utafiti wa korosho, niliikataa mashine ndogo ya kusoma vinasaba, ile pekee tunayoimudu. "Nimeipa jani la mkorosho, inaniambia kuku! Takataka." Nikapigia debe ile kubwa ya bei mbaya.

Bi Somoe, mwenye mkorosho huo unaougua, tulimwalika kikaoni kutoka kijijini kwake Mahurunga. Aliniuliza kwa upole:

"Mwanangu, yule kuku niliyekufungashia, ulifika naye salama?"

Wote wakanigeukia. Nikamkumbuka kuku nyuma ya gari, miguu imefungwa, amelalia majani niliyochuma kwenye mkorosho wake na kuyanyea. Nami niliyafuta kwa leso tu, nikaona yametakata.

"Alifika, mama," nikajibu. "Hata mashine imemwona."