Nani hayupo zizini?

Jua la kijiji cha Sapiwi halijakolea bado, na Mwalimu Veronica amepiga magoti mkekani mbele ya zizi. Zizi lenyewe lingeenea kwenye sinia. Ua wake ni vijiti vya mipamba, na ng'ombe waliomo ni wa udongo wa lambo, kila mmoja na rangi yake: mwekundu, mweusi, wa kijivu, na mmoja mwenye doa la chokaa usoni.

"Fumbeni macho," anasema. "Jenifer, na wewe. Nakuona unachungulia."

Jenifer, mwenye miaka minne, anafumba jicho moja. Mwalimu anaficha ng'ombe mmoja chini ya kanga, kisha anawaambia wafumbue.

"Nani hayupo?"

"Mwenye doa!"

"Kapita wapi?"

Hapo ndipo mchezo unapoanza hasa. Mmoja anasema kapita juu. Anaulizwa kama ng'ombe wa kwao wanaruka, anacheka mwenyewe. Mwingine analala kifudifudi, anakagua ua, anaona kijiti kimeanguka. Ubishi unazuka: wamtafute kwanza au wazibe pengo kwanza? Jenifer anakata shauri kwa kukaa kwenye pengo, na nusu ya ua inaanguka. Veronica hasaidii. Mikono yake iko mapajani.

"Ukimpa mtoto jibu, umemnyang'anya kazi," anasema. "Nataka akifika darasa la kwanza, akikutana na jambo asilolijua, asibaki kumtazama mwalimu mdomoni."

Veronica, 31, ni binti wa wakulima wa mpunga wa Mkula, wilayani Busega. Alikuja Sapiwi kwa ndoa, na baada ya mafunzo ya elimu ya awali akaanza kufundisha katika kituo kinachoendeshwa na wazazi wenyewe. Wanamlipa mahindi wakati wa mavuno na fedha kidogo pamba ikishauzwa. Watoto wakipungua, michango hukauka na kituo kinakufa. Mwaka jana kilikuwa mahututi, na aliyekifikisha huko ni yeye mwenyewe.

Alitaka watoto wajifunze kuhesabu kwa vitu wanavyovijua. Akawaambia: jioni ng'ombe wakirudi, kila ng'ombe wa kwenu mwekee kokoto moja, kesho uje nazo.

Msomaji aliyekulia kwenye ng'ombe ameshashika kichwa.

Flora, mtoto mtiifu kuliko wote, alisimama mlangoni mwa zizi la bibi yake, Nyanjige, akihesabu kwa sauti na kudondosha kokoto mfukoni. Bibi alimsikia akiwa jikoni. Kwake Nyanjige, mali ya zizini haihesabiwi kwa mdomo. Ukiihesabu unaipunguza.

"Nikamuuliza, nani kakutuma? Akasema, mwalimu," anasimulia. "Nikasema, ehee! Huyu wa Mkula kaja kunihesabia ng'ombe zangu!"

Kufikia asubuhi habari ilikuwa imezunguka kijiji na kuota pembe. Wengine walisema ni mkosi, wengine wakasema ni ushuru unakuja. Siku hiyo watoto walikuwa wachache mno mkekani, hata uji ukabaki.

"Nililia," anasema Veronica bila kuficha. "Kwetu tulikuwa na mbuzi na bata tu. Lakini mimi ni Msukuma, nilitakiwa nijue. Nilijiona mjinga kabisa."

Jioni alikwenda kuomba radhi. "Mwadila, mayu," alimsalimia kwa Kisukuma, akimwita mama. Nyanjige aliitikia, ila hakumsogezea kigoda. Mwalimu akabaki amesimama uani kama mgeni asiyealikwa, wakati ng'ombe wakiingia na vumbi lao. Nyanjige aliwatupia jicho mara moja, kisha akamgeukia mchungaji.

"Yule wa kijivu mwenye pembe iliyovunjika hajaingia. Rudi lamboni."

Veronica alisahau radhi aliyoijia. "Umejuaje, mayu, na hukuhesabu?"

"Wewe watoto wako wakija kula unawahesabu? Si unaona tu nani hayupo."

Kesho yake Veronica alikuwa lamboni, akifinyanga ng'ombe wa udongo na wale watoto wachache waliobaki. Habari za ng'ombe wa shule nazo zilisambaa, na Nyanjige akaja kukagua.

"Nilikuja na fimbo," anasema, na kucheka mpaka anafuta macho.

Alikuwa amemshika Flora mkono, amruhusu kutazama tu. Mtoto hakuweza kuvumilia. Ng'ombe mweusi alipofichwa, Flora alichomoka, akaanza kufuata kwa kidole alama za kwato ambazo mwalimu alikuwa amezichora mchangani. Zilifika kwenye beseni la maji, zikakoma. Alisimama pale akifikiri. Kisha akazunguka beseni, akazikuta tena ng'ambo, zikielekea moja kwa moja kwenye kanga.

"Kavuka!" alipiga kelele. "Alikuwa na kiu!"

Kesho yake Nyanjige alimleta Flora mwenyewe, na ndoo ya udongo kichwani. Wazazi wengine walipoona zizi lililochokozwa kuliko yote limesamehe, wakalegea mmoja mmoja. Hesabu bado inafundishwa, lakini kwa vizibo vya soda na magunzi ya mahindi, vitu ambavyo havina mwenye kuvionea wivu.

Kila asubuhi Veronica huanza na swali lilelile. Watoto huutazama mkeka wao, na yeye huwauliza nani hayupo. Na kila asubuhi jibu ni moja.

"Joakim."

Baba yake Joakim, Januarius, hajalainika. Anasema mtoto wake hawezi kupelekwa shule kuchezea matope. Veronica ameshakwenda kwake, akarudi mikono mitupu, na haoni haya kusema kwamba inamuuma. Kwa hiyo wiki hii amewapa watoto tatizo hilo walitatue wenyewe: Joakim hayupo, tufanyeje?

Mmoja alisema wamfunge kamba wamlete. Jenifer alisema wampelekee uji. Flora alifikiri kwa muda, kama siku ile ya beseni.

"Kama yeye haji, sisi twende," alisema. "Tubebe na zizi."

Jumamosi watakwenda. Veronica ameshaazima sinia kwa Nyanjige, naye Nyanjige amesema atakuja, safari hii bila fimbo. "Tutacheza uani kwao, mbele ya baba yake," anasema Veronica. "Natumaini atatazama kidogo."

Flora amefinyanga ng'ombe mpya mwekundu na kumweka nje ya ua, karibu na mlango. Mwenzake alipotaka kumwingiza ndani, alimshika mkono.

"Mwache," alisema. "Huyo ataingia na Joakim."