Jini wa Jikoni kwa Mama Mkwe Nimemzua Mimi

Kosa ni langu na sina pa kulificha. Jini anayesemwa mtaani kwetu Mji Mkongwe, mwenye kumleta ni mimi.

Kazi yangu kutengeneza boti za faiba za mahoteli ya Kiwengwa. Gundi yetu haigandi mpaka uitie hadena, majimaji ya kwenye kichupa. Hadena ni kali. Ikikurukia jichoni umekwisha, na ukiizidisha, gundi huchemka yenyewe bila ya moto. Nayajua hayo kama nijuavyo jina langu.

Ijumaa moja mama mkwe, Bi Rukia, akaniomba nimuungie mguu wa mbuzi yake ya kukunia nazi. Adhana ishaanza. Badala ya kifuniko kimoja cha hadena nikatia vitatu ili ikauke upesi. Gundi iliyobaki inatakiwa itandazwe nje, nyembamba, ipoe. Mimi nikaiacha kwenye kopo chini ya meza ya jikoni kwake, nikakimbilia msikitini.

Kurudi, jiko limejaa moshi. Kopo linafuka peke yake na kupasukapasuka. Bi Rukia yuko uani anasoma Ayatul Kursiyyu.

"Mwanangu, jini kaingia jikoni. Nimemsikia anatafuna."

Hapo ndipo pa kusema. Wallahi nilifungua mdomo, lakini nikaona haya, fundi mzima. Nikasema, "Pole mama, tumuombe Mungu."

Ujinga ulioje! Siku ileile Bi Rukia akahamia kwetu. Tuna chumba kimoja na ukumbi, na mwezi wa tatu huu kitandani analala yeye na mke wangu, mimi niko ukumbini kwenye mkeka.

Halafu akagundua kuwa nikitoka kazini nanuka harufu ileile ya jikoni kwake. Akaamua jini kanihamia mimi. Kila jioni nafukizwa ubani na kunyweshwa kombe, maji yaliyooshewa aya za Kurani, na mke wangu kakatazwa kunisogelea mpaka nipone.

Juzi nilichoka. Nikapiga magoti, nikaeleza yote: kopo, haraka zangu, vifuniko vitatu. Bi Rukia akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia bintiye.

"Usimjibu, mwanangu. Si mumeo huyo anayesema, ni jini anajitetea."

Ndugu zangu, hadena ipimeni, na kosa lisemeni siku hiyohiyo, wakati mngali mnaaminiwa. Mimi kesho napelekwa pangoni Mangapwani kutolewa jini, na kuku mweusi wa kuchinjwa nimetumwa nimtafute mwenyewe.